Leo Nitajibu Mwenyewe

Baba Tadala,

Ugali wa nsima nimeufunika, dagaa wa matemba wamo sufuriani. Mwambie mwalimu wa masomo ya jioni leo sitafika.

Asubuhi mkono ulipokufa ganzi nikamwaga uji, ulicheka: “Mama Tadala, umelewa kabla ya ibada?” Hasira haijanitoka. Juzi daktari aliniuliza mimi miguu ilianza lini kukosa nguvu. Ukajibu wewe: “Ana mawazo tu, daktari.” Akaandika mawazo, akanipa panadol.

Namwomba Mungu kila siku, lakini hakuniumba bubu. Nakwenda Blantyre kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Dalili zote nimeziandika mwenyewe, tangu ile ya kwanza.

~~Nifuate ukipata nafasi.~~
Usinifuate. Ukija, kaa nje ya mlango.

Mama Tadala