Cheti cha Calist

Manyoni,
Jumanne asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa Calist,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Manyoni, wewe na shemeji Magdalena, na nyuki wako wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja. Je, kifua kimepona? Na mizinga ya upande wa pori, wale wanyama wenu wameiacha salama? Sisi hapa ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako Editha anakusalimu, na anasema ile asali uliyoleta mwezi wa sita nimeimaliza peke yangu. Ni kweli.

Najua ungeanza na shikamoo. Naomba uiweke pembeni kwanza mpaka umalize kusoma.

Barua hii anakuletea Simeoni, yule mnunuzi wa asali. Usicheke kwamba mzee nimerudia mambo ya bahasha wakati simu iko mfukoni. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Mara zote mbili ulipokea, nikaulizia mizinga, nikakata. Sasa ni lazima niandike kabla redio haijakufikia, maana itataja jina lako vibaya.

Wewe unajua, ila niyaweke sawa. Mwaka tisini na saba timu ya vijana ya taifa ilitaka watu wa chini ya miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na ishirini na moja, na ndevu. Marehemu baba akakuomba uniazime cheti chako cha kuzaliwa kwa mwezi mmoja tu. Ulikitoa mwenyewe kwenye sanduku la mama, ukanitania kwamba nisikichafue na viazi. Mwezi ule haujaisha mpaka leo. Nikawa Calist Mughwai, beki wa kushoto, mechi kumi na tisa za timu ya wakubwa na goli moja, nalo nilijifunga. Makaratasi yalipostaafu yakiwa na miaka thelathini na moja, magoti yalikuwa na thelathini na sita. Nikawa kocha, na cheti cha ukocha nacho kina jina lako. Hosea nimebaki kuwa Hosea kwako, kwa Editha, na kwa wajomba wachache wasiofuatilia mpira.

Sasa sikia. Vijana wangu wa Mbuga Stars walikuwa wamefika fainali ya kombe la vijana, iliyopangwa Jumapili iliyopita. Nilishaahidiwa kwamba nikilichukua, nitaitwa kwenye benchi la timu ya vijana ya taifa. Mshambuliaji wetu alikuwa Emilian wa Kintinku, magoli kumi na moja. Kila asubuhi kambini alikuwa ananyoa ndevu kabla ya uji. Mimi niliona. Nilijiambia watoto wa siku hizi wanakula vizuri.

Jumatano mchana, kabla ya fainali, akafika mama mmoja uwanjani, anaitwa Ritha, vumbi mpaka magotini. Alinisalimu kwa adabu, akaulizia kazi, akaulizia hata afya ya mke wangu, nusu Kiswahili nusu Kigogo. Halafu akasema amekuja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe Emilian. Nikamwonyesha mshambuliaji wangu pale anapiga danadana. Akaniambia taratibu kwamba yule ni Shukuru, mkubwa wake, ana miaka ishirini na moja. Emilian yuko nyumbani Kintinku. Amechaguliwa chuo cha mifugo, mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, na chuo kimekataa nakala kivuli.

Nikamwita Shukuru. Alikuja anacheka, akampigia mama yake magoti, akamwambia cheti kimepotea, kimedondoka stendi ya Dodoma.

Calist, nilikaa chini. Nilikalia mpira, ukateleza, nikadondoka mzima mzima mbele ya kikosi, na wale washenzi wakacheka wakidhani ninawachekesha. Sikuwa nachekesha mtu.

Cheti hakikuwa Dodoma. Kilikuwa kwenye begi langu, ndani ya faili la usajili, mita tatu kutoka alipokuwa amesimama yule mama. Shukuru alijua. Akanitazama vile mchezaji anavyomtazama kocha wake akisubiri maelekezo. Nami nikasikia mdomo wangu unamwambia yule mama kwamba ni kweli, kimepotea, na mimi mwenyewe nimekitafuta sana.

Aliniamini! Akanishukuru kwa kukitafuta. Akamwambia Shukuru asijisikie vibaya, karatasi ni karatasi tu, acheze vizuri, mdogo wake atajaribu mwaka mwingine. Akajifunga kanga upya, akaenda zake kupanda gari la Kintinku.

Sijui nilisimama pale muda gani. Wasaidizi wangu wanasema filimbi ilikuwa mdomoni na wala sipulizi. Kisha nikachukua lile begi nikaanza kukimbia. Ungeniona ungecheka mpaka ulie: mzee na kitambi chake, kaptura ya kufundishia, goti moja linakataa, wauza vitunguu wanapiga kelele kwamba leo kocha kafukuzwa na washabiki. Nilimkuta ameshika mlango wa gari. Nikampa faili zima, sikuweza hata kukichambua cheti kutoka kwenye vya wenzake.

Alikitafuta mwenyewe, akakikunja ndani ya kanga, akanirudishia vilivyobaki. Halafu akaniambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba yeye alidhani mimi ni mtu mzima.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa waandaaji, nikawaeleza yote. Timu imeondolewa. Vijana kumi na tisa waliokuwa na umri halali wamerudi makwao wananilaani, na wana haki. Shukuru haniongeleshi. Mimi nimesimamishwa, na Ijumaa hii nimeitwa Dodoma kutoa maelezo. Emilian aliripoti chuoni siku ya mwisho, saa nane mchana.

Sasa nimefika pale ambapo simu ilikuwa inanishinda.

Unakumbuka mwaka tisini na tisa ulivyokuja kambini kwetu Dar es Salaam? Ulikuwa umechaguliwa chuo cha ualimu, nao walitaka cheti halisi. Ulipanda treni hapa Manyoni, ukafika na karanga za mama kwenye mfuko wa sukari. Nilikwambia kimepotea. Nilikwambia kimedondoka stendi ya Dodoma.

Hakikupotea, Calist. Kilikuwa chini ya godoro ambalo ulikalia wakati tunaongea. Timu ilikuwa inasafiri Alhamisi, nami niliogopa kwamba kikiondoka mkononi mwangu hakitarudi, na nitakuwa tena Hosea wa kuchunga mbuzi. Ulinishika bega ukanipa pole mimi. Ulisema usijali kaka, wewe tuchezee wote wawili. Ukanigawia karanga, nami nikazila.

Nakala mpya ilipopatikana, nafasi ilishapewa mtu mwingine. Baba akafariki, ada ikakosekana, ukaenda Rungwa kufuga nyuki. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mdogo wangu anapenda nyuki tangu utotoni. Uongo mtupu. Ulikuwa unaogopa hata nzi. Ulichopenda ni chaki. Uliwafundisha mbuzi wa baba kuhesabu, ukawachapa walipokosea.

Ijumaa nikifika Dodoma sitaeleza habari za Shukuru peke yake. Nitawaambia mimi ni nani, nilizaliwa lini, na Calist ni nani. Leseni itakwenda, na zile mechi kumi na tisa wataziandika wanavyojua wao. Editha amelia, kisha akaniuliza kama sasa itabidi tufunge ndoa upya, maana kanisani alijibiwa na Calist. Ndivyo alivyo.

Wakija kukuuliza, sema unachotaka. Jina ni lako, na hasira ni zako. Sikuombi unisamehe, wala urudishe jibu kwa mkono wa Simeoni. Mwache aende zake na asali. Ukitaka kuja kunitukana, nauli nimempa yeye, na chumba cha mbele kiko wazi. Ukikaa kimya, nitaelewa.

Cheti chako kiko humu ndani ya bahasha. Kimepasuka kwenye mkunjo, nikakibandika na gundi ya viatu. Hakina doa la viazi.

Mfikishie shemeji Magdalena salamu zangu, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Wasalimie na majirani wanaokuita mdogo wake kocha.

Ni mimi kaka yako,
Hosea Stefano Mughwai

Hiyo saini usiishangae ilivyopinda. Nimeijaribu mara tano kwenye karatasi nyingine, na kila mara mkono ulianza kuandika Calist.