Baba, Mashine Kubwa Hailalamiki

Mwakeye, Baba.

Nimekupigia makofi ya salamu peke yangu humu karakanani, Ramadhani akachungulia akidhani nimeshapata wazimu. Ni huyuhuyu wa mashine ya kusaga, anayetupa umeme wa jenereta yake. Bado anasaga muhogo, na bado hana adabu.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Watu wamehamia vijiji vipya, na Rungwe Mpya wengine walifika wamejitwika milango yao kichwani. Mitatu ilikuwa kazi ya mkono wako! Niliitambua milango kabla sijawatambua wenyewe. Nilijisikia fahari, nikawafuata nyuma hadi walipoitua.

Sasa shule ya huko inataka milango ishirini kabla ya mvua. Nimekubali, mdomo wangu unaujua. Lakini ile mashine yako ndogo ya kuchimba mifereji ya kuingizia paneli imechoka, Baba. Mlango mmoja tu inatoa moshi, inataka kupumzika kama bibi harusi. Nikichelewa, watu wa Kasulu watasema yaleyale waliyosema siku uliponikabidhi funguo, kwamba karakana ya mwanamke haimalizi mwaka.

Bwana Nassoro, yule muuza vifaa wa Kibondo, ameniazima mashine kubwa niijaribu wiki moja. Lo, dude hilo! Nikiipenda, anataka nimpe ile ndogo, na nimtengenezee milango ya duka lake juu yake.

Siku ya kwanza nilicheka kwa furaha. Mninga mkavu iliula kwa mkupuo mmoja. Kisha nikaugeuza ubao: kingo za mfereji zimeungua nyeusi, na upande mmoja umechanika. Ubao mzima wa mninga! Nikakaa chini juu ya maranda ya mbao, nikalia, wala sikuulilia ubao.

Nilikukumbuka wewe. Ile ndogo ukiisukuma kupita kiasi, sauti yake inashuka, nawe unalegeza mkono. Ulikuwa unapita mara tatu, kila mara kina kidogo, umeinamisha sikio. "Mti haumezwi, mwanangu, unatafunwa." Nami, mjinga mimi, nilidhani ni uzee unakuchelewesha! Kumbe ulikuwa unanifundisha kusikia. Hii kubwa hailalamiki. Inakuacha ukosee hadi mwisho.

Nilikwisha kuifunga kwenye gunia niirudishe Kibondo. Ndipo macho yakaangukia mlango wa chumba cha mama, ule ulioufia mezani. Mfereji umefika katikati, mbele yake alama yako ya penseli. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuugusa, hata mimi vumbi lake nalipuliza tu kwa mdomo. Nikajiambia, kama mashine hii haiwezi kumalizia kazi ya Baba, haina kazi kwangu. Na kama mimi siwezi, basi waseme wanachosema.

Nilipita mara ya kwanza kina cha ukucha. Nikazima, nikapuliza, nikatazama. Mara ya pili. Ya tatu nilikuwa nasikiliza mti wenyewe, maana mashine haikuwa na la kuniambia. Ramadhani alikuwa mlangoni, ameusahau muhogo wake mashineni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipima? Unafumba macho, unapitisha kidole gumba ndani ya mfereji, na penye kosa kidole kinasimama. Hakuna fundi niliyemwogopa wala kumpenda kama wewe.

Basi nami nikafumba macho, nikaanzia mwanzo wako.

Nitaichukua ile kubwa, Baba. Ndogo simpi Nassoro, hata aje na machozi; nitamwongezea milango ya stoo yake badala yake. Yeyote atakayekuja kujifunza hapa ataanza na ile ndogo, mpaka ajue kusikia. Na mimi, mashine isiponiambia kitu, nitauuliza mti. Hiyo ni ahadi.

Mama analala na mlango wako umefungwa. Nawe lala, fundi wangu. Kidole changu kilifika mwisho wa mfereji bila kusimama, na sikujua ni wapi ulipoishia wewe.

Binti yako,
Zuhura