Kata ya kijivu kwenye faili la mipangilio

Alhamisi jioni, Katesh. Upepo wa mlimani umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi.

Wiki nzima nimebishana na Gidamis, mwenzangu katika ofisi ya ushirika wa wafugaji. Mimi nilitaka programu yetu ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ipake rangi hata mafaili ya mipangilio, yakiwemo la programu yenyewe na lile la kata tunazozitumia ujumbe wa simu. Yeye alisema rangi ni za msimbo mrefu. Faili la mipangilio ni fupi, lisome neno kwa neno. "Resti, wewe unataka kompyuta ivae kitenge," alinitania. Jumatatu nikaziwasha bila kumuuliza. Maneno yakawa ya kijani, namba rangi ya chungwa, na mistari iliyolazwa ikawa ya kijivu hafifu. Nilijiona mshindi.

Kulaza mstari ni kuuwekea alama ya reli (#) mbele. Kompyuta inauruka kana kwamba haupo.

Jana niliandaa ujumbe wa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Wataalamu watakuwa kwenye majosho yetu kesho, siku moja tu. Nililipitia faili la kata zinazopokea ujumbe, nikaona limependeza, nikatuma.

Leo mchana mama yake Gidamis alipiga simu kutoka Getanuwas. Nyumbani kwake mtandao hakuna, mpaka upande kilimani. Alitaka kuaga tu: alfajiri anapeleka ng'ombe kulamba magadi, mbali, na hawarudi kabla ya Jumapili. Gidamis akamuuliza, "Na chanjo, mama?"

"Chanjo gani?"

Simu ikakatika.

Nikafungua faili. Nangwa, kijani. Basotu, kijani. Getanuwas, kijivu.

Ni mimi niliyeilaza, wakati wa kiangazi, familia za kule zilipohamia ziwani na mifugo yao. Mvua zikanyesha, watu wakarudi kwenye maboma yao. Kwenye faili sikuwarudisha.

Nimetuma ujumbe palepale, lakini mama alikuwa ameshashuka kilimani. Tumepiga simu mpaka tumechoka.

Gidamis hakunifokea. Afadhali angefoka. Mwaka juzi ugonjwa huo ulimmalizia mama yake nusu ya zizi, na analijua hilo kuliko mimi. Amechukua kofia ya pikipiki, akasimama mlangoni, akasema, "Ungeliacha jeusi lote, ungelisoma." Akaondoka.

Je, ningelisoma? Sijui. Najua tu kwamba kijivu kile kimewekwa ili jicho lipite, na langu likapita. Nilitaka rangi zinisaidie kuona, nikaziachia zinichagulie cha kutazama. Au nazisingizia rangi wakati mwenye macho ni mimi. Nimeshazima na kuwasha zile rangi mara kadhaa jioni hii, na faili ni lile lile.

Naogopa. Naogopa barabara ya kule gizani. Naogopa kwa ajili ya ng'ombe wa watu wengine ambao watoto wao hawafanyi kazi humu ofisini.

Sasa hivi ujumbe wa Gidamis umeingia, nadhani amepanda kile kilima:

"Nimefika. Mama atasubiri chanjo. Majirani wametangulia na ng'ombe tangu mchana, nawafuata. Mama anauliza nani alisema hatupo."

Nimeandika maelezo marefu, ya kiangazi, ya alama ya reli, ya rangi. Nimeyafuta. Nimemjibu: "Mpe shikamoo yangu, halafu mwambie ni mimi."

Marahaba bado haijarudi.