Harufu Nyumbani kwa Dada Yako

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, mvua imekatika, na cherehani ya dada yako bado inalia. Juzi nilikwenda kwake kumsema. Unajua mimi na unafiki hatupikiki chungu kimoja: sanduku la mchanga wa paka wake halijasafishwa wiki nzima, mkojo umelowesha hata zulia.

"Shoga, nyumba inanuka!"

Akacheka. "Pua yako mbea kama mdomo wako. Mbona mimi sisikii kitu?"

Nikajiandaa kumpa hotuba. Ndipo ikanijia harufu nyingine, kutoka jikoni. Gesi. Paka wote wawili walikuwa wamejibanza mlangoni, wanakwaruza watoke. Dada yako akainuka, kiberiti mkononi. "Ngoja nikuwekee chai."

Nilimpokonya, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha.

"Una nini wewe?" akauliza, na kweli hakujua.

Tangu ile homa iliyomlaza kitandani hasikii harufu yoyote, na hataki kukiri. Njoo umchukue. Kiberiti ninacho mkobani ninapoandika, lakini duka liko ng'ambo ya barabara, na dada yako anapenda chai.

Ni mimi shoga yake, yule mwenye mdomo