Kikombe Nilichomwaga

Mashuuru, 3 Februari

Soipan,

Wewe mtoto una kiburi. Mwezi mzima hujauliza kama Koko wako, nyanya yako, yuko hai. Sopa, nakusalimu hata hivyo. Ng'ombe ni salama, babako Lemein ni mzima. Mimi ndio si mzima. Wewe unaendelea aje huko Kitengela, kwa duka la Ruqia?

Sikupigii simu kwa sababu mama yako ana masikio. Jumapili tulikuwa na wageni wa kanisa. Nikaitisha chai ingine. Mama yako Priscilla akacheka mbele yao: "Mama anakunywa chai kama lori inakunywa dizeli." Mimi, niliyempokea kwangu kama binti! Nikamwaga kikombe chini, nikaapa sitaonja chai tena.

Jumatatu kichwa kikaanza kupasuka, nyuma ya macho. Tumbo inakataa ugali, hata mbwa nimemgombeza. Mama yako amenilaani. Nimeita wazee waketi tarehe kumi na tano, arudishwe kwao Loitokitok.

Barua nimempa Simel wa pikapu ya maziwa.

Ni mimi, Koko

Kitengela, 5 Februari

Koko wangu,

Takwenya, nakuamkia. Mimi niko salama, pole sana kwa kichwa. Usikasirike, lakini Yeyo, mama yangu, hajakulaani. Ni majani. Ndani ya majani ya chai kuna kitu kinaitwa kafeini. Mwili ukikizoea, halafu ukate ghafla, kesho yake kichwa kinauma na mtu anakuwa mkali. Wewe ni mkali hata na chai, lakini unanielewa.

Ruqia kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, anapunguza chai kidogo kidogo. Mwaka mmoja alisahau. Siku ya kwanza ya kufunga alilala nyuma ya magunia ya mchele, wateja wakajiuzia.

Kunywa nusu kikombe cha chai, hata iliyopikwa na mtu mwingine, uone kama kichwa hakitatulia. Ukitaka kuacha, punguza pole pole, kunywa maji, pumzika. Lakini ukishikwa na homa, au shingo ikakaza, au mkono ukalegea, enda kliniki siku hiyo hiyo.

Tafadhali, zuia wazee.

Mjukuu wako, Soipan

Mashuuru, 9 Februari

Soipan,

Usinifundishe ukali. Sopa. Afya yangu nitakuambia, lakini kwanza jua mama yako ameondoka. Alisikia habari ya wazee, akafunga nguo zake kwa leso, hakuaga. Barua yako ilifika siku iliyofuata.

Nikasema, huyu anamtetea mamake. Hata hivyo nikaenda kwa jirani Kakenya, nikaomba nusu kikombe. Nikakunywa, nikakaa.

Mjukuu wangu, kichwa kiliondoka. Kiliinuka pole pole, kama kundi linaloinuka kwenda kunywa maji, halafu kukawa kimya ndani yangu. Kakenya alikuwa anaongea, nikamwambia anyamaze. Nikaomba majani makavu, nikaweka kwa kiganja. Vitu vidogo, vyeusi, kama vumbi la boma. Ningepuliza, yangepotea. Na mimi nimezaa watoto saba bila kulia, nimefukuza fisi na sufuria. Haya majani yamenishika tangu nikiwa msichana na sikujua nimeshikwa. Mungu aliweka nguvu yote hiyo kwa jani, akanyamaza tu. Nilikaa nayo mkononi mpaka Kakenya akaniuliza kama nasali. Labda nilikuwa nasali.

Sasa nakunywa kikombe cha asubuhi na nusu ya mchana. Kichwa kinanong'ona tu.

Mama yako hakunifanyia kitu. Lakini wazee siwazuii. Neno la laana limeshatembea Mashuuru yote, na mama yako hawezi kuishi hapa likiwa juu yake. Lazima waone kwa macho kwamba hakuna laana.

Basi omba Ruqia ruhusa. Ijumaa uende Loitokitok umlete. Wazee wakiketi, yeye ndiye atapika chai, amimine kwa mkono wake, na mimi nitakunywa wa kwanza, wote wakiniangalia. Akiuliza kama nimelia, sikulia. Mwambie nina kiu. Enda.

Koko