Umeme wa Kibanda cha Hilary

Jumatano, 11 Mei 2022

Barua pepe kutoka kwa Rosalind. Ya kwanza tangu mazishi – miezi kumi na minne. Mistari minne tu, haina salamu, lakini imeanza na neno "Baba". Jumapili ya tarehe 22 mama yake, Hilary, angetimiza miaka sabini na sita. Anataka kupiga simu ya video saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Huko kwake Dunedin, upande wa pili wa dunia, itakuwa saa mbili usiku. Sharti ni moja: niwe kwenye kibanda cha bustani. "Nataka kukaa na Mama mahali pake. Sebuleni sitaki. Ikishindikana, tuache."

Anajua kukata maneno. Alijifunza kwangu.

Nimejibu kwamba itawezekana. Kisha nikachukua kishikwambi nikatoka nacho. Alama ya intaneti ilipotea nilipofika kwenye mtufaha. Kibanda kiko hatua thelathini mbele ya hapo. Simu nayo haishiki mtandao huku bondeni, haijawahi kushika.

Ijumaa, 13 Mei

Duka la vifaa, mjini. Muuzaji ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

Akauliza, kibandani kuna umeme, mzee? Nikasema upo.

"Basi umemaliza! Chukua hivi viwili. Kimoja unakichomeka karibu na ruta, kingine huko kibandani. Intaneti inapita kwenye nyaya zilezile za umeme. Mume wangu anatazama mpira bandani kwa vitu hivihivi. Miaka mitatu sasa sijauona uso wake, na sijalalamika!"

Wateja walicheka. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye garini, peke yangu.

Jumamosi, 14 Mei

Imeshindikana. Vifaa vyote viwili vinaonyesha taa nyekundu. Inatakiwa kijani.

Nimesoma kitabu cha maelekezo, kilichoandikwa ovyo kabisa. Kumbe ni marufuku kuchomeka kwenye waya wa kuongezea. Nilikuwa nimefanya hivyo sebuleni. Nikahamishia kwenye soketi ya ukutani. Nikatembea tena hadi kibandani. Nyekundu!

Sikuwa nimeingia humo tangu Hilary afariki. Glavu zake ziko juu ya vyungu. Udongo umekauka kwenye vidole vya glavu. Viti viwili vya zamani, vyenye mito. Rafuni kuna vikombe vitatu: cha Hilary, cha Rosalind, na kimoja chenye picha ya jogoo. Hicho si cha nyumba yetu.

Kikombe changu hakimo.

Jumapili, 15 Mei

Mvua. Redio. Supu ya kopo. Leo nimezungumza mara moja tu, na paka wa watu.

Jumatatu, 16 Mei

Siku ya mapipa ya taka. Bi Tugwell wa nyumba ya pili alitoa lake nilipokuwa natoa langu.

"Asubuhi njema, Bwana Garside."

"Asubuhi njema, Bi Tugwell."

Ndiyo mazungumzo yetu ya wiki, tangu mwaka 2009. Mwaka huo niliwaandikia yeye na mumewe barua tatu kuhusu ua wao wa miti, uliokuwa na kimo cha mita tatu na nusu. Kisha nikawaita watu wa halmashauri. Wakaukata ukabaki nusu. Sheria ilikuwa upande wangu. Hilary hakusema nami siku mbili.

Taa bado ni nyekundu. Zimebaki siku sita.

Jumatano, 18 Mei

Lazima niandike jambo hili kwa utaratibu.

Ukurasa wa kumi na moja unasema vifaa vyote viwili viwe kwenye umeme wa nyumba moja. Sentensi ya kipuuzi, niliona. Umeme wa kibanda changu ungetoka wapi kwingine? Hata hivyo nilitaka kuhakikisha. Saa nane mchana nikazima swichi kuu. Friji ikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza. Nikatoka bustanini.

Taa ya kibandani ilikuwa inawaka!

Nikarudi ndani, nikatazama swichi. Imezimwa. Nikatoka tena. Inawaka.

Nikaufuata waya kwa fimbo. Umepita nyuma ya kibanda, umeingia ardhini, umekwenda chini ya ua. Kwa Tugwell.

Sasa nakumbuka. Mwaka 1991, kibanda kilipojengwa, Hilary aliomba umeme. Nilimwambia miche haihitaji umeme. Majuma machache baadaye taa ilikuwepo. Akasema Len amemsaidia. Len Tugwell, mume wa Bi Tugwell, marehemu sasa, alikuwa fundi umeme. Nilidhani amemsaidia kuunganisha kutoka kwetu. Sikuuliza. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuuliza.

Alhamisi, 19 Mei

Nimeandika barua kwa Bi Tugwell. Rasimu nne. Nimeitumbukiza mlangoni kwake saa nne asubuhi.

Saa sita jibu limetumbukizwa mlangoni kwangu, nyuma ya bahasha yangu mwenyewe: "Barua zako ninazo za kutosha. Ukitaka kitu, piga hodi. M. T."

Sikupiga hodi. Nilifika hadi getini kwake nikarudi.

Ijumaa, 20 Mei

Nimepiga hodi.

Alifungua akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Nikaeleza: Rosalind, Jumapili, waya, taa nyekundu. Nikamwomba kifaa kimoja kikae karibu na ruta yake.

"Miaka kumi na mitatu nasubiri uje kuomba radhi kwa ajili ya miti yangu," akasema. "Umekuja kuomba intaneti!"

Nikauliza kama alijua kuhusu umeme.

"Alijua kila mtu, Bwana Garside. Isipokuwa wewe."

"Kwa nini hamkuzima? Baada ya zile barua?"

Akakunja kitambaa, akakikunjua. Akasema siku ileile walipokuja watu wa halmashauri Len alishika bisibisi akaenda kukata waya. Alipofika uani akawasikia Hilary na Rosalind kibandani, wanacheka. "Akarudi. Akasema anywe chai kwanza. Chai ikaisha, hakwenda tena."

Nikatoa kifaa mfukoni.

"Nipe hicho kidude chako," akasema. "Lakini Jumapili nami nakuja. Kikombe changu kiko huko."

"Cha jogoo."

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Umekiosha?"

Nikasema bado. Akasema hilo halimshangazi.

Nikamwomba radhi kuhusu miti. Alikuwa ameshafunga mlango. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, 21 Mei

Nimeosha vikombe vitatu. Nimefuta dirisha. Glavu sijazigusa.

Kisha nikafungua droo. Rosalind hakuweza kuja mazishini, mipaka ya kule ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Aliandika hotuba akaniomba niisome kwa niaba yake. Kurasa nne. Pale wanapochomea maiti tulipewa dakika ishirini tu, na kasisi alihitaji kumi. Nilikata kurasa mbili kwa kalamu nyekundu. Niliona waombolezaji hawana haja ya kusikia habari za kibanda. Nikasoma zilizobaki kwa matamshi safi. Rosalind alikuwa akitazama kwenye kompyuta. Alisikia nilichokiruka.

Kurasa hizo mbili ninazo. Sikuzitupa. Kesho nitazisoma zote, akiniruhusu.

Jumapili, 22 Mei

Naandikia kibandani. Saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Kishikwambi kimeegemea chungu. Taa nyekundu.

Nimemwita Bi Tugwell kwa sauti juu ya ua. Yuko ndani kwake, dirisha wazi.

"Nyekundu!"

"Na yangu nyekundu! Nimechomeka kama ulivyosema!"

"Wapi?"

"Kwenye waya wa kuongezea, na taa ya mezani!"

"Ukutani, Maureen! Ukutani!"

Sijawahi kumwita hivyo.

Saa tatu kasoro tano. Kijani! Nimepaza sauti kama mwanafunzi. Kutoka upande wa pili: "Usipige kelele, nabeba birika!"

Kurasa mbili ziko mfukoni. Nimezipapasa mara tatu.

Saa tatu kasoro dakika moja. Nimetaka kuketi, nimeshindwa. Viti ni viwili, kimoja kilikuwa cha Hilary. Rosalind atakitambua mara moja, na ataona nani amekikalia. Kipi? Mito inafanana. Nimeishi naye miaka arobaini na minane, na sijui alikaa wapi.

Kishikwambi kinalia. Hatua za Maureen kwenye changarawe. Yeye atajua. Kinalia bado, mara ya tatu, ya nne – nami nimesimama, nangoja anionyeshe kiti.