Jina la Kumi na Mbili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sisi miili ni mizima, ninyi sijui mmeamkaje. Mguu wa shemeji umepona? Mwambie aache ubishi, asipande baiskeli mapema. Mwanangu amepoteza meno mawili ya mbele, anacheka mdomo umezibwa kwa mkono. Anakusalimia.

Barua yako niliipokea Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni pa ofisi. Unasema tangu ile orodha ya waliokubali mradi wa soko jipya ibandikwe ukutani, wenzako hawakusemeshi. Ukienda chooni hakuna wa kukuangalizia kizimba chako cha mboga. Mama Vitunguu, mliyeuza naye bega kwa bega miaka kumi na minne, amegeuza stuli akakupa mgongo. Wanadai umewauza, na kwamba wale watu kumi na wanane wasiojulikana, walioandikwa chini ya jina lako, uliwaleta wewe. Umeniomba, kwa kuwa nafanya kazi kwenye mradi huo huo, nimtafute aliyekuandika. Ukamalizia kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Nivumilie nianze mbali. Mwaka jana tulipelekwa mafunzo ya siku tatu, jinsi ya kusimamia mradi na kuwashirikisha wadau. Mwalimu alitusisitizia kwamba mdau hufuatwa alipo, saa anayoiweza yeye, na husikilizwa kabla ya kuonyeshwa mchoro. Nilipata alama za juu kuliko wote. Cheti kimetundikwa juu ya meza yangu, na siku hizi nakaa nikiwa nimekipa kisogo.

Mkutano wenu tuliuitisha Jumamosi saa tatu asubuhi. Wewe unajua Jumamosi saa tatu sokoni pakoje. Nilimwambia mkuu wangu, ambaye tunamwita Bwana Ratiba, kwamba hakuna muuza mboga atakayeacha wateja. Akanijibu kwamba asiyekuja amekubali. Wakaja kumi na mmoja, wote wenye maduka ya mbele, watu ambao hawahamishwi. Wakapiga makofi, wakanywa soda, wakasaini. Mchoro wa kuwapeleka ninyi ghorofani na magunia yenu hakuna aliyeuulizia.

Lakini fomu ya ridhaa ilidai sahihi za watu thelathini, na ilitakiwa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni. Bwana Ratiba alisema bila fomu hiyo mkandarasi hataanza, na wa kulaumiwa nitakuwa mimi. Aliniwekea kalamu mezani, akatoka. Nikaketi, dada, nikazua majina. Niliyatunga kumi na manane, nikibadilisha mwandiko kama mtoto anayeiga sahihi ya baba yake. Aliporudi akasema angalau moja liwe la kweli, lenye namba ya kizimba, wakaguzi wasije wakatushtukia.

Namba ya kizimba niliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimeruka mstari juu ya yale ya uongo, nikakuandika hapo, wa kumi na mbili. Ni mimi. Nilijiambia utaelewa, kwa sababu umenielewa tangu utoto, na huo ndio uovu wangu mkubwa kuliko wino wenyewe.

Jana nilimweleza Bwana Ratiba kwamba nitasema ukweli. Hata hakukasirika. Alinionea huruma, akasema maji yameshamwagika. Nikaenda kwa fundi mkuu kumwuliza kama vizimba vyenu vinaweza kurudi chini. Akanyoosha kidole kuelekea juu. Zege la ghorofa limekwisha kukauka. Ngazi nimezihesabu, ni thelathini na sita.

Barua hii usiisitiri kwa ajili yangu. Wasomee wote, na anza na Mama Vitunguu. Nakala nyingine nimewapelekea wakaguzi leo asubuhi, kwa hiyo kazi nadhani haipo tena. Labda wenzako watakurudishia salamu. Soko sitaweza kuwarudishia, na hilo nalijua kila ninapofumba macho.

Wabusu wanao. Shemeji mwambie wewe, mimi sina uso wa kumwambia. Mungu awape nguvu ya magoti. Usipojibu sitauliza kwa nini.

Ni mimi mdogo wako, na safari hii nimesaini jina langu mwenyewe.